Makumbusho mtandaoni: rivyu ya mtu anayetafuta vitu vya kwetu akiwa Kisumu

Mimi nina saiba na duka la kuchapisha huku Kondele, na kazi kubwa siku hizi ni chati za shule na tisheti za vikundi, kwa hivyo picha za vitu vya zamani vya Nyanza na Western nazitafuta kila mara, nyatiti, ngao, vyungu, maboma ya kizamani, mitumbwi ya ziwani. Walimu wa CBC, ule mtaala wa shule, wanazitaka, wazazi wanaletewa kazi za watoto jioni wanakuja mbio kabla sijafunga, na vijana wa vikundi vya ngoma wanataka michoro ya kweli kwa nguo zao, si ile michoro ya kubuni ya kuuzia watalii. Watu wananiuliza sana natoa wapi, basi nimeamua niandike rivyu ya saiti za makumbusho ambazo natumia, nzuri niseme nzuri na mahali pagumu niseme pagumu. Na niseme ukweli hii kitu inaniuma pia, maana mali mingi ya babu zetu ilishaenda zamani, iko kwa makabati ya Ulaya na Marekani, na njia ya pekee mtoto wa Ahero au Mumias ataiona saa hizi ni kwa simu ya mzazi wake. Kama kwa simu nayo haipatikani, basi hapo haipo kabisa.

Saiti naipimia kwa simu, si kwa kompyuta ya duka, kwa sababu mteja wangu anatumia simu na bando la siku moja. Halafu naangalia kama naweza kupata kitu kwa jina tunalolijua sisi, kama naweza kuchukua picha nikaitumia bila kuogopa, na kama wanaeleza kitu kilitoka wapi na kilichukuliwa vipi. Uzuri wa saiti, marangi na video za kufungua, hiyo hainisaidii kitu.

Nianze na ile naipenda kuliko zote na watu wengi hawaijui. Pitt Rivers Museum, ile ya Chuo Kikuu cha Oxford huko Uingereza, wana sehemu ya picha za Waluo peke yake. Kuna picha za Evans-Pritchard, yule mwanaanthropolojia alipita huku 1936, na kuna za Hobley, afisa wa serikali ya mkoloni, ambazo ni za zamani zaidi, miaka ile reli ndio ilikuwa imefika tu ziwani. Kurasa zake ni za kizamani lakini ni nyepesi, zinafunguka hata mtandao ukiwa wa kukohoa, na kila picha ina ukurasa wake, nani alipiga, mwaka gani, mahali gani, namba ya picha, na maelezo ya kinachoonekana. Hicho ndicho kitu mwalimu anataka. Chati isiyo na mwaka wala mahali ni pambo tu la ukuta.

Lakini kinachonifanya niwaheshimu ni walichofanya 2007. Hawakungoja watu wa Nyanza wanunue bando ndio waone picha za jamaa zao, zililetwa huku zikiwa zimechapishwa, maonyesho yakaitwa Paro Manene, zikapelekwa mpaka vijijini kwa maboma ya watu. Watu wakasimama mbele ya picha wakaanza kusema huyu ni wa ukoo fulani, hapa ni mahali fulani. Sasa fikiria, picha imekaa Oxford miaka sabini bila jina la mtu, na jina hilo lilikuwa hapa hapa muda wote, kwa vichwa vya wazee. Hiyo ndiyo sababu mimi nasema kuweka picha mtandaoni ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kusikiza wenye picha. Kwangu hii inapata tano kwa tano hata kama muonekano wake ni wa kizamani.

British Museum sasa. Hii ni bahari. Walifungua upya sehemu yao ya makusanyo Aprili 2020, wakati ule dunia yote imefungiwa ndani na korona, ikiwa na rekodi za vitu karibu milioni 4.5 na picha kama milioni 1.9. Ukiangalia hizo namba mbili utaona shida yenyewe, rekodi ni nyingi kuliko picha, yaani unaweza kupata kitu kimeandikwa vizuri lakini hakuna picha. Usikate tamaa, endelea kuteremka.

Na hapa nipeane siri ya kusachi ambayo imenisaidia sana. Ukiandika Luo pekee, au Luhya pekee, vitu vingi vya zamani vitakupita, kwa hiyo jaribu pia Kavirondo, kwa sababu wakoloni waliita hivyo watu wa upande huu wa ziwa, Waluo na Waluhya wote kwa kapu moja, na kitu kilichoandikwa kwa daftari wakati huo mara nyingi kilibaki na jina hilo hilo. Jaribu pia Elgon, jaribu British East Africa, na hata Uganda, ndio, Uganda, maana mpaka 1902 hii nchi yetu kutoka Naivasha kuja huku Kisumu ilikuwa inahesabiwa upande wa Uganda, mkoa wao wa mashariki. Kitu kilichochukuliwa Mumias 1898 kinaweza kuwa kimeandikwa Uganda mpaka leo na mtoto wa Mumias akisachi Kenya hakitatokea. Hii si makosa ya kompyuta, kompyuta inatafuta kile iliandikiwa. Makumbusho yoyote ikitaka kutusaidia ianze hapo, iache jina la zamani kwa rekodi kama historia lakini iongeze majina ya sasa ya watu na ya mahali, kaunti, hata soko la karibu. Kazi hiyo haihitaji mashine ya bei, inahitaji mtu anayejua.

Kuhusu kutumia, picha zao nyingi ziko chini ya leseni ya Creative Commons ya aina ya kutofanya biashara. Maana yake kwa lugha ya dukani, mwalimu akitaka kuonyesha darasa ni sawa, mwanafunzi akiweka kwa insha na kutaja ilikotoka ni sawa, lakini kikundi cha ngoma kikitaka kuchapisha ngao ile kwa tisheti za kuuza, hapo lazima kiombe na kilipe. Mimi naheshimu sheria, kwa hivyo tisheti hizo sichapishi. Lakini naomba mtu anieleze polepole. Ngao ilitengenezwa huku, na fundi wa huku, kwa ngozi ya ng'ombe wa huku. Mjukuu wa fundi akitaka kuiweka kwa nguo aombe ruhusa London? Kwa hili napunguza nyota, siwezi nyamaza. Namba yangu ni tatu na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu ya wingi wa vitu.

Kuna kona yao moja lakini nataka watu wa huku waijue kabisa, ile ya michoro ya miamba ya Afrika. TARA, shirika la Nairobi lililoanza 1996 kupiga picha michoro ya mapangoni bara zima, lilipeana picha kama 25,000, na British Museum wakaziorodhesha kuanzia 2013. Ndani yake kuna Kenya, na sisi tuna mahali pa kujivunia, Kakapel huko Busia upande wa Teso, na Mfangano kule kwa Wasuba, pango la Mawanga na mwamba wa Kwitone, michoro ya mviringo ndani ya mviringo kwa rangi nyekundu na nyeupe. Kuna watu wamezaliwa Mbita wanaangalia Mfangano kila asubuhi ng'ambo ya maji na hawajawahi kusikia hii habari. Nilichapisha chati ya miamba hii kwa shule moja ya Homa Bay, mwalimu akaniambia watoto waliuliza kama wanaweza kupelekwa, swali zuri sana, na jibu ni ndio, jamii ya Abasuba ina makumbusho yao huko kisiwani, boti inawafikisha.

Kwa uhuru wa kutumia, mabingwa ni Wamarekani. Metropolitan Museum ya New York ilifungua picha 375,000 hivi Februari 2017 chini ya CC0, na Smithsonian, ile ya Washington, ikafuata Februari 2020 na picha milioni 2.8, za kawaida na zile za 3D unazozungusha. CC0 maana yake chukua, chapisha, uza, badilisha, hakuna mtu utamuomba. Kwa mtu wa duka kama mimi hiyo ni raha, nikiona alama ya CC0 naenda moja kwa moja kwa printa. Tena wanapeana faili kubwa, bango la mita mbili halitoki na ukungu. Shida ni kwamba nguvu ya Met kwa Afrika iko Magharibi na Kongo, ukitafuta vitu vya huku kwetu utatoka mikono mitupu au na kidogo tu. Na si kila kitu cha Smithsonian ni CC0, angalia alama kwa kila picha kabla hujabeba, usidhani mlango mmoja ukiwa wazi nyumba yote iko wazi. Nne kwa tano.

Google Arts & Culture wanaijua wengi. Ilianza 2011 na makumbusho 17, na 2019 National Museums of Kenya wakaweka kazi kubwa huko, Utamaduni Wetu, jamii za Kenya moja baada ya nyingine, na baadaye zikaja hadithi za mashujaa wa jamii zetu zikiwa na michoro yenye rangi moto moto. Watoto wanaipenda hiyo mpaka basi. Ni kitu cha kuangalia na kusoma, na kwa hilo ni kizuri sana, mtoto wa Nakuru anasoma habari ya Wateso na mtoto wa Malaba anasoma habari ya Wapokomo. Lakini si mahali pa kudaunlodi, hawapeani picha uende nayo, hakimiliki inabaki kwa makumbusho. Kwa hivyo ukiwa mzazi, nenda. Ukiwa unataka chati, tafuta kwingine.

Sasa niongee juu ya uzito wa picha kwa sababu hapa ndipo wengi wanaumia na hawajui kwa nini. Kuna makumbusho yanaweka picha moja nzito, ukigusa tu bando limekatika na picha bado inazunguka. Halafu kuna yale yanatumia mfumo unaitwa IIIF, ulianza 2011 na maktaba na vyuo vikubwa kama Stanford, Oxford na British Library, huo unakata picha vipande vidogo vidogo, na simu yako inachukua tu vipande vya pale unapoangalia. Ukivuta karibu mshipi wa shanga, inaleta vipande vya mshipi, haileti picha yote. Hata pia unaweza kuomba picha ya ukubwa unaotaka kwa kubadilisha namba kwa anwani yenyewe, upate ndogo ya WhatsApp badala ya ile ya bango. Ukijua hilo unaokoa pesa. Ombi langu kwa watu wa makumbusho, na natumaini kuna mmoja anasoma, wekeni tu kitufe cha picha ndogo, MB moja au chini, kikae juu kabisa kabla ya maelezo yote. Huku kwetu kitu kikishafika kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi kimefika kijiji kizima.

Kuna jambo moja lilitokea dukani ambalo linaeleza vizuri ninachotaka kusema kuhusu kusahihisha. Makumbusho moja ya Ulaya, siitaji, ilikuwa na picha ya boma la huku na maelezo yakasema ni nyumba ndogo ya kuishi. Nilikuwa nimeifungua kwa skrini kubwa namalizia chati, na mama mmoja mzee kutoka Seme alikuwa ameketi anangoja kitambulisho chake kilaminetiwe. Akaangalia skrini, akasogea, akaniambia, "Nyathina, hiyo si nyumba. Mtu ataingilia wapi?" Nikamwambia, mama, wao wameandika nyumba. Akaweka kidole kabisa kwa kioo, akanionyesha vile imeinuliwa kwa mawe isiguse chini kwa sababu ya mchwa na panya, vile imesukwa kama kikapu, vile paa halijafungwa na ukuta bali limekaa juu kama kifuniko. "Hiyo ni dero. Unainua paa upande mmoja na mti, unachota mtama." Halafu akaniambia iko mbele ya nyumba ya nani kwa boma, kwa kuangalia tu lango liko wapi. Dakika chache, na alikuwa ameandika rekodi bora kuliko ile ya hao wataalamu. Niliwaandikia kwa imeili nikaweka maneno yake na namba ya picha, na baada ya muda wakajibu na wakabadilisha maelezo, nawashukuru kwa hilo. Lakini imeili yenyewe niliitafuta mpaka nikachoka, ilikuwa imefichwa chini kabisa kwa ukurasa wa mambo mengine. Hiyo fomu ya kusahihisha ingekuwa pale pale chini ya picha, na ikubali Kiswahili, ikubali hata sauti, kwa sababu yule mama hataandika imeili lakini voisi noti ataongea vizuri sana.

Wengine watasema picha mtandaoni ni kutupoza tu ili tusidai vitu vyenyewe. Naelewa hasira hiyo. Lakini huwezi kudai kitu hujui kiko wapi. Kuna vigango viwili vya Wamijikenda, nguzo za kukumbuka wafu, mzee mwenyewe alipigwa picha navyo 1985 na mtafiti, halafu vikaibwa. Kimoja kikaja kuonekana kwa picha za makusanyo ya makumbusho ya jimbo la Illinois huko Marekani 1999, cha pili kwa chuo cha Hampton huko huko, na kufikia 2007 vyote vilikuwa vimerudi kwa familia. Picha ndiyo ilifanya kazi ya shahidi. Ndiyo maana ule mradi wa International Inventories, National Museums of Kenya pamoja na vikundi vya wasanii The Nest na SHIFT na makumbusho mbili za Ujerumani, za Cologne na Frankfurt, naona ni kazi ya maana mno, walikusanya orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo nje, na maonyesho yao yakaja Nairobi 2021 na makabati matupu kuonyesha kile hakipo. Orodha kama hiyo ndiyo naomba ifunguliwe mpaka chini, kwa kaunti, mtu wa Vihiga aandike Vihiga aone.

Na pia niseme, si kila kitu kiwekwe wazi. Kuna vitu vya ibada na vya jando ambavyo hata hapa nyumbani haviangaliwi na kila mtu, na mifupa ya watu usiniambie habari ya kudaunlodi. Hapo wenyewe waulizwe kwanza, na wakisema hapana, iwe hapana. Saiti inayoficha picha na kuandika kwa nini imefichwa, mimi naiamini zaidi.

Kwa walimu wa sayansi, pitieni africanfossils.org, mafuvu na mawe ya kale hasa ya upande wa Turkana yako kwa 3D, mtoto anazungusha kwa kidole, ni kitu kizuri sana kwa somo. Mkifika hapo waambieni watoto kwamba Rusinga, hapa hapa, ndipo Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya nyani, 1948, likapelekwa London na likakaa huko mpaka 1982 ndio likarudi Kenya. Wakitaka kuona vitu kwa macho badala ya skrini, Kisumu Museum iko barabara ya kwenda Nairobi tangu 1980, boma zima la Kiluo limejengwa pale, Ber gi Dala, na dero iko, wataona paa likoje.

Ukitaka kuanza leo na bando dogo, anza na Pitt Rivers kwa picha za maboma, halafu kona ya miamba ya British Museum, halafu Smithsonian kwa vile vya kuchapisha bila wasiwasi. Na ukiona picha ya kwenu imeandikwa vibaya, jina la mahali, jina la mtu, jina la kitu, nakili ile namba ya kitu iliyo kwa ukurasa kabla hujafunga, uwatumie pamoja na maneno ya mzee aliyekuambia na kijiji chake. Bila namba hiyo hawataipata kati ya mamilioni. Kama huna imeili kuja dukani, kuandika barua za aina hiyo silipishi.